Vichwa vya Mukeke Visivyo na Funza

Asubuhi ile nilitoka Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, bila kumuaga mtu na bila kujua ninakwenda wapi. Karibu na soko kulikuwa na lori lililopakia mapipa matupu ya mawese, na dereva alikuwa akitafuta mtu wa kuyashikilia yasigongane njiani. Nikapanda. Sikuuliza linaelekea wapi. Nilijua tu kwamba mapipa ya mawese yanarudi kusini, kandokando ya ziwa, na kusini nilikuwa sijafika.

Wakati ule wa vita malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara ukikwama kila mtu alikwama. Sisi tulikwama Gatete, karibu kabisa kufika Rumonge. Risasi zilisikika mbele, kisha kimya, kisha tukaambiwa tushuke tungojee. Msafara ulipogeuza kurudi Bujumbura, lori liligeuza nao. Mimi sikurudi, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa karibu.

Kilikuwa nguruwe. Bibi yangu alinilea katika nyumba ya Kiislamu, kwenye mtaa ambao jina la mnyama huyo halitajwi watu wakiwa wanakula. Nilikuwa nimemwona kwenye picha ya kitabu cha shule, kabla sijaiacha shule, na kwenye picha alikuwa msafi, rangi ya waridi, anatabasamu. Hawa wa Gatete walikuwa wawili, majike, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wamefungiwa ndani ya zizi la magogo ya michikichi. Hawakuwa wakitabasamu. Walikuwa wamelala ubavu kwenye tope lao wenyewe, matumbo yamewajaa, na inzi wakiwaingia na kuwatoka puani. Harufu yao haikuwa harufu ya kitu kimoja. Ilikuwa mkojo, maganda yaliyochacha, samaki, na kitu kitamu chini yake. Niliziba pua na kuendelea kuangalia.

"We kijana, unaangalia nini?" Mwanamke alitokea nyuma ya nyumba, ndoo mkononi. "Hujaonaka ngurube?"

"Sijaona, Mama."

"Unatokaka wapi?"

"Buyenzi."

Akacheka kidogo. "Mwislamu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi angalia. Kuangalia haiko zambi."

Alikuwa mjane, Mkongo wa upande wa Fizi. Alikuwa amevuka ziwa na mumewe miaka mingi kabla ya vita. Mume alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la misheni huko kwao, ndipo walipojifunza nguruwe wote wawili, na alipokufa kwa ugonjwa wa kifua mke akabaki na kazi ile. Alikuwa anahitaji mtu wa kuteka maji ziwani na kuchimba udongo. Angenipa chakula na mahali pa kulala, na chakula changu kingepikwa kwenye sufuria ambayo haikuwahi kuona nyama ya nguruwe. Aliniahidi hilo kabla sijaliuliza. Nikakubali. Sikuwa na kazi nyingine, na nilikuwa nataka kujua mnyama anayechukiwa kiasi kile anaishije.

Majike wale walikuwa na mimba ya dume ambaye hakuwepo tena. Watu wenye bunduki walikuwa wameshuka na kumchinja. Wengine walisema ni askari, wengine wakasema ni waasi, na vyovyote iwavyo, nyama iliondoka nao. Tangu hapo, toka Magara mpaka Rumonge hapakusikika mtu mwenye nguruwe dume. Mama alikuwa amewauliza watu wa kanisa lake, na watu wa kanisa lake walikuwa wamewauliza wengine.

"Mimi sitaki mingi," alikuwa akiniambia tukiwa tunachanganya chakula. "Nataka dume moja tu itoke humu. Moja. Bila dume, hawa wawili ni nyama yenye inatembea."

Alikuwa amewafungia kwa sababu ya maneno. Nguruwe wa watu waliokimbia walikuwa wakizurura vilimani, kwenye mashamba yaliyoachwa, na ilisemwa kwamba walikula kile kilichobaki kule. Wasomaji wangu wanaelewa ni nini. Sikuona kwa macho yangu, na hiyo ilikuwa mara moja katika maisha yangu ambapo udadisi wangu ulinyamaza wenyewe. Lakini maneno yalienea, na watu wakaanza kumtazama kila nguruwe kama mtu aliyetoka makaburini. Kwa hiyo Mama aliwafungia wake, akawalisha asubuhi na jioni mbele ya barabara, ili kila apitaye aone kinachoingia ndooni na kinachoingia midomoni. Walikuwa hawatoki hata kunywa. Kila tone walilokunywa lilitoka ziwani kichwani kwangu.

Chakula chenyewe kilikuwa maganda ya muhogo, pumba za mchele, majani ya viazi na mashudu ya mawese. Hayo yalijaza tumbo. Lakini Mama alishikilia kwamba jike mwenye mimba halishwi peke yake, na kwamba vitu vinavyoongezwa kidogo kidogo ndivyo vinavyowajenga waliomo ndani. Kabla ya vita alikuwa akitia unga wa vitamini uliokuja kwa kopo kutoka Bujumbura. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, kopo liliisha na jingine halikuja. Akaanza kutengeneza vya kwake. Mifupa ya ng'ombe aliichoma mpaka ikawa nyeupe, kisha akaitwanga. Majivu ya vikonyo vya michikichi aliyachekecha kama unga wa ugali. Mimi nilichimba udongo mwekundu kwenye mwinuko wa nyuma, kwa sababu watoto wa nguruwe wasiopata udongo ule, alisema, hupauka midomo na kufa. Na juu ya hayo yote, samaki.

Kuchanganya kulifanywa kwa mkono, mpaka kiwiko. Sijui nielezeje bila kumkosesha msomaji chakula chake. Mchanganyiko ulikuwa vuguvugu hata kama hakuna aliyeupasha moto. Ulivuta kidole ukikitoa. Samaki waliooza ndani yake walikuwa na funza, na funza waliendelea kutembea ndani ya pumba, chini ya ngozi ya uji ule, nikiwahisi kwenye vifundo vya mkono. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, halafu nikagundua kwamba kupumua kwa mdomo ni kuionja harufu. Nilitapika siku za mwanzo. Mama aliyaona matapishi yangu, akayachota kwa koleo na kuyatia ndani ya ndoo. "Hiyo pia ni chakula," alisema. Sikutapika tena karibu na zizi.

Samaki walitoka kwa jirani. Alikuwa Mwislamu wa makamo, ambaye babu zake walikuja kutoka Ujiji wakati wa Wabelgiji, na alikuwa na vichanja vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule ufukoni. Kila alipofagia chini ya vichanja, alikusanya vumbi la ndagala, vichwa vilivyokatika, magamba na mchanga, akavitia ndani ya gunia, na gunia akaliweka nje ya ua wake, kando ya barabara. Halikuwa limetupwa, maana mdomo ulifungwa kwa kamba. Halikuwa limetolewa, maana hakumwambia mtu. Mimi nilipita nikalibeba. Kila Mama alipokamua mawese, chupa moja ilikutwa juu ya jiwe kwenye mlango wa nyuma wa jirani, nayo pia haikutoka kwa mtu.

Nilipokuwa mgeni nilimwuliza Mama kwa nini hamshukuru jirani.

"Nimushukuru ya nini? Ya kulisha ngurube yangu?" Alinitazama kama mtu asiyelelewa. "Unataka kumuaibisha mwanaume ya watu?"

Jirani mwenyewe nilikutana naye barabarani mara kwa mara. Hakulitaja lile gunia, wala hakuwataja nguruwe kwa jina.

"Kijana wa Buyenzi," alikuwa akisema, akisogea upande upepo unakotoka, "unanuka."

"Najua, Baba."

"Bibi yako angekuona hivi, angelia. Haya, wale wenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillah. Pita mbali."

Hivyo ndivyo walivyoishi pamoja miaka yote, yeye na Mama, na watu wa pale waliusifu ujirani wao. Mimi pia niliusifu mwanzoni.

Kisha uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na askari hawakutaka kuona taa juu ya maji, wala mtumbwi ambao hawajui umebeba nini. Vichanja vya jirani vikabaki vitupu. Zilibaki boti chache za mchana, zilizoleta mukeke, samaki wakubwa kuliko ndagala, na jirani akawanunua. Lakini malori ya kuwapeleka mjini yalingoja msafara, na msafara haukuwa na siku. Nyuma ya ukuta wake tuliona tu mapipa yaliyokatwa nusu, yamefunikwa kwa mabati.

Gunia nalo likabadilika. Sasa lilijaa vichwa, vichwa vya kweli vyenye nyama shavuni, na matumbo, na mayai ya samaki. Mama alifungua kamba, kisha akamshukuru Mungu kwa Kibembe, lugha ya kwao. Na kulikuwa na jambo jingine lililotufurahisha: vichwa vile havikuwa na funza. Inzi walivizunguka na kuondoka. Vililala siku baada ya siku na havikuvimba, havikutoa povu.

"Ona," Mama alisema, "hata inzi zinaona ni kitu safi."

Mimi nilifurahi kumzidi yeye. Nilitia mkono ndani ya ndoo na hakuna kilichotembea. Mikono yangu iliyopasuka iliwaka kidogo, lakini majivu yalikuwa yameiwasha siku zote. Kwa kuwa majike walikuwa wamekaribia kuzaa, Mama aliongeza vichwa katika kila ndoo. Nguruwe walivitafuna na mifupa yake, wakilamba kihori mpaka mbao zikang'aa.

Ndipo ufuko ukafungwa. Kulikuwa na mapigano juu ya maji asubuhi moja, na tangu hapo askari hawakumruhusu mtu kukaribia ziwa. Watu wote wa upande wetu walielekea kwenye chemchemi ndogo ya juu, iliyotoa maji kama mtu anayelia kwa adabu. Kila nyumba ilipata bidoni moja, dumu moja la maji, na wenye watoto wadogo walitangulia. Nguruwe walipata maji ya kuoshea vyombo, nayo tulikuwa tumeshayatumia mara mbili.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Haikuwa kelele ya njaa. Walipiga vichwa kwenye magogo, wakalamba tope, wakanywa mkojo wao ukiwa bado unatoka. Mweupe alibana paji lake kwenye kona ya zizi na kubaki hivyo, akisukuma, kama mtu anayetaka kuingia ndani ya ukuta. Majirani walikusanyika barabarani. "Si tulisema?" alisema mmoja. "Walikula kitu, sasa kitu kinadai." Mama aliwajibu kwamba wakiwa na maji walete maji, na kama hawana waende na midomo yao. Hawakwenda.

Ufuko ulipofunguliwa nilikimbia na ndoo, Mama nyuma yangu na bidoni mbili. Tulimimina, wakanywa, tukarudi, tukamimina tena. Walikunywa bila kupumua, macho wazi, maji yakiwatoka puani. Mama aliketi chini akicheka kwa uchovu, miguu ameinyoosha kama msichana.

Hatukuwa tumekausha jasho nguruwe mweupe alipoketi kama mbwa. Pua yake ilipanda juu, juu zaidi, mpaka shingo ikageuka nyuma, kisha mwili wote ukamrusha kinyumenyume mpaka ukutani. Alianguka, miguu ikikanyaga hewa, povu likimtoka. Akatulia, akaamka, akaanza upya. Mimba ilikuwa ikitikisika ndani yake na kuendelea kutikisika hata yeye alipotulia. Mama aliingia zizini, akalala juu ya ubavu wake kumzuia asijipige. Nguruwe alikufa chini yake. Waliokuwa tumboni waligonga kidogo, tukawaona wakigonga kwenye ngozi, kisha wakaacha. Nyuma yetu watu walikuwa bado wamesimama, na mmoja alikuwa anakula muwa.

Nilimchimbia shimo kule kwenye udongo mwekundu, refu kadiri nilivyoweza. Asubuhi nilikuta shimo liko wazi na hakuna kitu ndani. Waliomfukua sikuwajua. Ila siku ile moshi wenye mafuta ulipanda nyuma ya nyumba zaidi ya moja, na wale waliokuwa wakisema nguruwe wa Mama wamekula wafu walipita wakitusalimia kwa sauti nzuri sana. Niliitikia. Nilitaka kuosha sikio lililowasikia.

Asubuhi hiyohiyo veterineri, daktari wa mifugo, alifika kwa baiskeli kutoka Rumonge, ameitwa na watu wa kanisa. Alikuwa kijana msomi, mtulivu, na begi lake lilikuwa tupu kwa sababu duka la dawa lilikuwa tupu. Mweusi alikuwa anazunguka zizi upande mmoja, akigonga kila gogo kana kwamba hakulioni.

"Maji walikosa?" aliuliza kabla ya kitu kingine.

"Walikosa. Jana walikunywa sana," Mama alisema.

"Na chumvi? Munatiaka chumvi ngapi mu chakula?"

"Chumvi? Sisi wenyewe tunakula mboga bila chumvi, docteur. Niipate wapi ya ngurube?"

Akaiangalia ndoo. Mimi nikaiangalia pia. Sijui ni nini kilichoniingia. Pengine ni tabia yangu tu ya kutaka kujua. Nilichovya kidole ndani ya uji ule wa vichwa na majivu na pumba, nikakitia mdomoni. Kwanza ulikuja uozo, ukajaa mpaka nyuma ya macho. Kisha uchungu wa majivu. Kisha, ikibaki peke yake baada ya vingine kupita, chumvi, kali kiasi cha kukunja ulimi. Nilitema, nikatema tena, nikasugua ulimi kwa shati, na shati nalo lilikuwa la zizini.

"Iko chumvi," nikasema. "Imejaa."

Veterineri alitikisa kichwa polepole. "Basi ni hiyo. Chumvi bila maji inakauka mu ubongo. Halafu ukileta maji yote mara moja, ubongo unavimba. Huyu musimupe ndoo tena. Kikombe. Mungojee. Kikombe. Mufanye hivyo mpaka atulie." Akamtazama Mama. "Samahani, Mama. Kuongeza samaki ni vizuri. Hiyo haikuwa kosa."

Mama alifunga kitenge chake upya na kwenda kwa jirani, na safari hii aliingia kwa mlango wa mbele. Nilimfuata. Jirani alikuwa ameketi uani na mke wake.

"Amahoro, jirani."

"Amahoro, Mama. Karibu kiti."

"Sikai. Gunia yako iko na chumvi."

Jirani akamwangalia mkewe, kisha mimi. "Gunia gani?"

"Ile yenye haiko yako."

Mke aliinuka akaingia ndani. Jirani alishusha sauti. "Tangu boti za mchana. Mukeke bila chumvi haiwezi kungoja msafara."

"Ulijua inaendaka wapi."

"Sikujua."

"Jirani."

"Nilijua kama wewe ulivyojua mafuta yako inaendaka wapi. Ningekuambia nini, Mama? Nije mlangoni kwako niseme, wale wenu wasikule hii? Basi wangeniuliza msikitini, na ile ya zamani ulikuwa unawapa wewe? Mimi niko na watoto wa kuozesha."

"Ungesema tu iko chumvi."

"Na wewe ungeuliza iko nini."

"Nikuulize kitu yenye hukunipa?"

Nje ya ukuta mtu alipita akiimba. Nilisimama kati yao na ile ladha bado mdomoni mwangu, na nilichukizwa nao wote wawili, na heshima yao ile iliyofunikwa vizuri kama mapipa yake. Kwa miaka walikuwa wamelishana bila kusemeshana, na watu wakauita ujirani. Jirani ndiye aliyesema kwanza.

"Huyo ngurube mwenye kubaki, anahitaji nini?"

"Maji," Mama alisema. "Kidogo kidogo."

"Na kijana wako analala saa ngapi?"

"Halali."

Alasiri hiyo mke wa jirani alileta mtungi wa maji mpaka kwenye ua wetu, uso ameufunika kwa mtandio kwa ajili ya harufu. Aliuweka chini, akasema "pole" upande wa ukuta, akaondoka.

Tulimnywesha mweusi kwa kikombe, tukipokezana. Alitulia, lakini macho hayakurudi. Alizaa mchana mmoja wa jua kali, kipofu, akiwa amesimama nusu. Wa kwanza walitoka wakiwa wamekauka, rangi ya kahawia, kama vitu vilivyosahauliwa mfukoni. Kisha wakaanza kutoka wanaolia. Aliposikia sauti nyuma yake ambayo mwenyewe hakumwona, aligeuka akauma.

"Toa!" Mama alisema. "Toa upesi. Si hivyo, kwa miguu. Atakukula na wewe."

Niliwatoa. Walikuwa na utelezi, na moto, na walinuka damu na samaki. Mmoja nilimvuta akatoka nusu, nusu ikabaki mdomoni mwa mama yake. Alitafuna. Nilisikia mifupa laini.

"Ni nini hiyo?" Mama aliuliza, amebana shingo ya jike kwa goti.

"Jike."

"Na hiyo?"

"Jike. Amekufa."

"Angalia vizuri."

"Amekufa, Mama."

Aliyefuata alikuwa mweusi mwenye doa jeupe mguuni. Nilimpangusa ute, nikamgeuza, nikaangalia chini ya tumbo, kisha nikaangalia tena kwa sababu nilijua nitaulizwa.

"Dume."

Mama alinyoosha mkono wake wenye damu. "Nipe nione mwenyewe." Aliona. Alimweka ndani ya blauzi yake, kwenye kifua, na alilia kwa mara ya kwanza tangu niwe naye, bila kulegeza goti.

Waliobaki hai walikuwa dume huyo na jike mmoja, na jike hakumaliza siku. Mweusi hakuwa na maziwa, na hata kama angekuwa nayo asingekubali. Tulimpa dume maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Nusu yalimrudi puani. Mama alikuwa na dada wa kanisa huko Bugarama, vilimani, ambaye nguruwe wake, aliyepandwa na dume yule yule aliyechinjwa, alikuwa amezaa majike matupu hivi karibuni. Habari hiyo ilifika Jumapili. Lakini Mama hangeweza kumwacha mweusi na kikombe chake.

"Wewe unapendaka kutembea," aliniambia. "Tembea."

Nilitoka na kikapu cha makuti, dume amezungushiwa kitenge ndani. Ni mimi, mjukuu wa bibi yangu, nikimpulizia nguruwe hewa ya joto kila alipotetemeka. Aliharisha ndani ya kitenge, kitenge kikavuja kwenye mkono wangu, nikaufuta kwenye majani nikaendelea. Nilipofika Magara ufuko ulikuwa mtupu, mitumbwi imepinduliwa, na kwenye kizuizi askari walikuwa wakikaanga mihogo.

"Kikapu iko na nini?"

"Nguruwe."

Mmoja alifunua kitenge, akakifunika haraka. "Hii? Hii haitoshi hata kuingia kati ya meno."

"Ni ya kufuga," nikasema.

"Na wewe unaitwa nani?" Nilimtajia jina langu la Kiislamu. Alicheka mpaka akaita wenzake waje wasikie jina na waone kikapu. Walicheka wote, wakanipa kipande cha muhogo, wakaniacha nipite. Nilikula muhogo kwa mkono ule mwingine.

Kutoka Magara njia hupanda. Nilipanda mpaka ziwa likabaki chini kama bati, na hewa ikawa baridi, na dume akaacha kulia, jambo lililonitisha kuliko kilio chake. Nilimweka tumboni chini ya shati. Hapo alinibandika pua yake yenye unyevu, akaanza kunitafuta chuchu. Nilisikia kinyaa mpaka miguuni, lakini sikumtoa.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na paa la bati na zizi safi kiasi, jike mkubwa amelala na watoto wake wamejipanga. Dada wa kanisa alisikia salamu zote mpaka mwisho kabla ya kuangalia kikapu. Mume wake alimchukua dume kwa shingo, akampima mkononi.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko."

"Atamwuma," mke alisema. "Atasikia harufu ya kigeni."

Mume alifikiri. Kisha akaingia zizini, akachota kinyesi kibichi cha watoto wa jike yule, akaniletea kwenye jani la mgomba. "Mupake. Mwili yote, na kichwa. Na mikono yako pia, maana wewe ndiye utamuweka."

Nilimpaka. Nilikuwa nimedhani nimemaliza kuchukizwa, kumbe kulikuwa na chumba kingine ndani yangu ambacho hakikuwa kimefunguliwa. Nilimpaka masikio, mapaja, na lile doa jeupe mpaka likatoweka. Jike aliinua kichwa. Alinusa, akakoroma chini chini, akanusa tena mkono wangu, pumzi yake moto kwenye vidole. Sisi watatu hatukusogea. Kisha akalaza kichwa chake chini. Nilimsukuma dume mpaka kwenye chuchu ya nyuma kabisa, iliyokuwa ndogo na ambayo wengine hawakuitaka, naye akaishika. Mkia wake ulianza kwenda.

"Mwambie dada yangu," mke alisema, "akishaacha kunyonya nitamuleta mwenyewe."

"Nitamwambia nikirudi," nikasema, na sikujua nitarudi lini. Chini kule hapakuwa na gari, na barabara ilikuwa imeanza tena kutoa milio ya risasi.

Mume alinimwagia maji mikononi, akanipa majivu ya kusugulia, kisha maji tena. Aliniuliza ninakula nini na sili nini, nikamwambia. Akaingia ndani, nikamsikia akizungumza na mkewe, na mke akitoa vitu kwenye chumba kidogo kilichokuwa kimeegemea jiko: magunia ya maharage, jembe, kiti kilichovunjika. Walinitandikia mkeka juu ya majani makavu. Hapakuwa na dirisha, na harufu ya zizi iliingia kwa mlango, lakini moshi wa jiko uliipunguza kidogo.

"Hapa utalala mpaka barabara itulie," mke alisema. "Hiyo shati, toa, nitaichemsha."